Breki ya ghafla kwenye Kosta: ni nani aliyemsukuma yule mtoto? (Uzi wa kani na mwendo kwa wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini)

MwalimuKani:

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari ya kata hapa Mbeya, mwaka wa 11 sasa. Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka Tukuyu kwa Kosta. Kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva, alikaa mama amempakata mtoto wa kama mwaka mmoja. Tukiwa tunakaribia Uyole, bodaboda akachomoza barabarani bila kuangalia, dereva akakanyaga breki yote. Mtoto akamchomoka mama yake mikononi, paji la uso likagonga deshibodi. Namshukuru Mungu alivimba tu, hospitali walimwangalia wakamruhusu jioni ile ile.

Kilichonikosesha usingizi ni maneno yaliyofuata. Gari zima lilimgeukia mama. "Mama gani hushiki mtoto?" "Si ulikuwa na simu wewe!" Mimi nilikaa nyuma yake moja kwa moja, nilimwona. Simu hakuwa nayo. Alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa mikono miwili. Akashuka analia, ameamini kuwa mikono yake ndiyo iliyomponza mtoto. Nilijaribu kueleza mle ndani, sauti yangu ikamezwa. Basi naeleza hapa, na naomba mwenye kuelewa amfikishie mwenzake, maana akina mama wa namna hii ni wengi na barabara zetu mnazijua.

Kila mwaka nawauliza kidato cha pili: gari likifunga breki, nani anakusukuma mbele? Darasa zima hujibu, "Kuna kani, mwalimu." Nawaambia sawa, nitajieni mwenyewe. Kani haizuki hewani. Kila kani ina kitu kinachoitoa: kiti kinakusukuma mgongoni gari linapoondoka, mkanda unakuvuta, dunia inakuvuta chini, sakafu inakusukuma juu. Haya, kwenye breki nyuma yako kulikuwa na nini? Kiti? Lakini mgongo wako umebanduka kutoka kwenye kiti. Kitu kilichoacha kukugusa kitakusukumaje?

Hakuna aliyekusukuma. Gari ndilo lililopunguzwa mwendo, na aliyelipunguza ni lami, kwa msuguano wake na matairi. Wewe lami hukuigusa. Ukaendelea na mwendo ule ule uliokuwa nao sekunde moja kabla. Isaac Newton aliichapisha hiyo mwaka 1687 kama kanuni yake ya kwanza, akiwa amepita njia iliyofyekwa na Galileo: kitu kilichotulia hutulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ile ile na upande ule ule, mpaka kani itoke nje ije kukibadilisha. Ubishi huo wa kila kitu, wa kukataa kubadilishwa mwendo, ndio tunaouita inesha.

Muuza ndizi aliyesimama kando ya barabara aliona ukweli kuliko sisi tuliokuwa ndani. Sisi tuliliona gari kana kwamba limetulia na mtoto ameruka. Yeye aliliona gari likipungua kasi na mtoto akiendelea, mpaka akaifikia deshibodi iliyokuwa mbele yake. Tukio ni moja, lakini anayelitazama akiwa ndani ya kitu kinachobadili mwendo hulazimika kutunga kani isiyokuwepo ili mambo yaelezeke. Na ile kani ya kutunga ndiyo iliyomfanya mama aonekane ameshindwa kupambana nayo.

Swali sahihi ni hili: ili mtoto apungue mwendo pamoja na gari, ilihitajika kani ya kumvuta NYUMA. Ingetoka wapi?

Mnyalu_Ilula:

Kamwene mwalimu. Uzi mzuri ila hapo kwa mama nadhani unamtetea kupita kiasi. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo kama 10. Akina mama wetu wanabeba ndoo ya lita 20 kichwani wanapanda nayo mlima. Breki ya Kosta ina nguvu gani hiyo ya kumshinda mtu kushika kilo 10? Weka hesabu tuone.

MwalimuKani:

Kamwene sana ndugu yangu. Umeuliza vizuri, na hesabu naiweka bila kupendelea upande wowote.

Kani ni tungamo (zile kilo za kitu) mara mchapuko. Mchapuko ni kiasi mwendo unachobadilika kila sekunde, uwe unaongezeka au unapungua. Breki kali kwenye lami kavu inaweza kupunguza mwendo wa gari kwa kama mita 7 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Kwa mtoto wa kilo 10, kani inayohitajika kumrudisha nyuma ni 10 mara 7, nyutoni 70. Hiyo ni sawa na kubeba kitu cha kilo 7. Kwa hiyo hapo uko sahihi: mtu aliyejiandaa, amekaa imara, anaweza.

Sasa mwangalie mama mwenyewe. Naye ana inesha yake. Tumpe kilo 60. Ili naye asiende mbele anahitaji nyutoni 420 za kumvuta nyuma. Mkanda hakuwa nao, kile kiti hakikuwa na mkanda unaofanya kazi. Mikono ambayo ingemzuia kwenye deshibodi ilikuwa imemkumbatia mtoto. Kilichobaki ni msuguano wa gauni na kiti, ambao hautoshi, na miguu ambayo hakupewa hata nusu sekunde ya kuipanga. Anayekwenda mbele mwenyewe hawezi kuwa nguzo ya mwingine. Ndoo ya kichwani ni habari nyingine kabisa: uzito wake unashuka wima kupitia shingo na mgongo, mifupa inaubeba, na mbebaji alijua tangu mwanzo kwamba ameibeba.

Na hiyo ni breki tu. Sasa gari ligonge kitu. Kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Tuseme mwendo huo wote unaisha ndani ya sehemu 2 za kumi za sekunde. Gawanya: mchapuko ni kama mita 83 kwa sekunde, kila sekunde. Mtoto yule yule wa kilo 10 anataka nyutoni 830. Huo ni uzito wa kilo 85. Ni kama umwambie mama adake gunia la mahindi lisilojaa sana lililotupwa kutoka ubavuni, bila kumwambia linakuja. Hakuna baba mwenye misuli hiyo, hakuna mpasua mbao wa Mufindi mwenye misuli hiyo. Aliyemlaumu mama yule angekaa pale pale, matokeo yangekuwa yale yale.

Mnyalu_Ilula:

Nimekuelewa. Hilo la mama kuwa naye anakwenda mbele sikuwa nimelifikiria kabisa.

Nesi_Rungwe:

Naongezea kwa upande wetu wa wodini, maana nimepokea hawa watoto.

Wengine wakisikia habari ya mkanda wanafanya kosa baya zaidi: wanajifunga mkanda mmoja na mtoto akiwa ndani, kati ya mkanda na kifua cha mtu mzima. Tafadhali msifanye hivyo. Mwalimu amesema mtu mzima naye anakwenda mbele. Gari likigonga, kilo 60 za mama zinambana mtoto kwenye mkanda, na tumbo la mtoto halina ngao. Vilevile mtoto wa mgongoni ashushwe kabla hamjakaa, maana ukirudi nyuma kwa kishindo unamkandamiza kwenye kiti.

Mwenye gari lake na uwezo, kiti cha mtoto mdogo kifungwe kikiangalia nyuma ya gari. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa kulinganisha na mwili wake na shingo haijakomaa. Akiangalia nyuma, kani ile ile anayoisema mwalimu inapokelewa na mgongo wote pamoja na kichwa, inatawanyika, badala ya shingo peke yake kuvuta kichwa. Kwenye Kosta ambako hivyo viti hakuna, angalau usikae mbele na mtoto. Kaa nyuma ya kiti chenye sponji. Haizuii kila kitu, lakini sponji inakusimamisha polepole kuliko deshibodi, na kwa hesabu za mwalimu muda ukiongezeka kani inapungua.

Na pole nyingi kwa mama huyo. Ndaga mwalimu kwa kumsemea.

MwalimuKani:

Ndaga fijo dada. Sentensi yako ya mwisho kuhusu sponji ndiyo somo zima la kani na muda. Mwendo wa kuondoa ni ule ule, unachoweza kuchagua ni uondolewe kwa muda gani.

Dereva_wa_Shaba:

Habari zenu wote. Mimi semi, lori lenye treila, ndiyo ofisi yangu, Dar, Tunduma, mpaka Kapiri kule Zambia, miaka 18. Naomba niseme kuhusu mteremko kwa kuwa mwalimu ameanza na breki na breki ndizo zinazotumaliza.

Watu wanadhani Kitonga, ule mlima wenye kona nyingi, inatisha wakati wa kupanda. Kupanda ni kuchoka tu. Hatari ni kushuka ukitoka Iringa kwenda Ruaha Mbuyuni, una shaba nyuma unaipeleka bandarini. Mlima Nyoka ni hivyo hivyo, na Iwambi kwenda Mbalizi ni hivyo hivyo. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja: gia ambayo ungepandia mlima ndiyo uishukie, na uichague ukiwa bado juu, gari limetulia. Ukishaanza kushuka na gia kubwa, gari likakimbia, ile gia ndogo haitaingia tena. Unabaki na nyutro mkononi na breki za upepo unazikanyaga mpaka zinanuka, baadaye unakanyaga na gari halijali. Utingo anaanza kusali.

Kuna vijana wanatupa gia makusudi eti wanaokoa dizeli. Injini hizi za sasa ukiwa kwenye gia na umetoa mguu kwenye mafuta, haichomi kitu mteremkoni, magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro ndipo inachoma ili isizime. Kwa hiyo wanapoteza mafuta na wanapoteza breki.

Halafu la inesha, mwalimu umenigusa. Niliwahi kuendesha tangi. Tangi lililojaa ni mzigo mtulivu. Tangi lililofika nusu ndilo linalokutoa jasho: unafunga breki, gari linatii, halafu mafuta yanafika mbele yakiwa na mwendo wao wa zamani, yanakusukuma mara ya pili. Ndiyo maana ndani wanaweka kuta zenye matundu, yafike kidogo kidogo. Kwenye kona nayo yanakwenda upande wa nje.

Swali langu: gari zito linashuka haraka kuliko jepesi? Vijana wanabishana kila siku.

MwalimuKani:

Mzee wangu, shikamoo. Umefundisha humu kuliko mimi.

Jibu la swali: likiachiwa huru, mzigo wa tani 50 na pikipiki vinachapuka karibu sawasawa mteremkoni. Dunia inalivuta semi kwa kani kubwa zaidi, lakini semi nalo lina inesha kubwa zaidi kwa kiasi kile kile, vinakatana. Tofauti inakuja kwenye kulizuia. Chukua tani 50 kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara. Kani inayolivuta kufuata mteremko ni kama nyutoni 39,000. Ukitaka lishuke kwa mwendo mmoja usiobadilika, lazima kuwe na nyutoni 39,000 za kulivuta nyuma. Sehemu ndogo inaliwa na hewa na matairi, kubwa ni ya injini na breki.

Na kazi hiyo yote inageuka joto. Kwa kilomita 30 kwa saa ni karibu kilowati 326, kana kwamba umewasha mabirika ya umeme 160 kwa pamoja chini ya gari. Kwa kilomita 60 ni mara mbili yake. Kila mita 100 unazoshuka kwa kimo zinatoa joto la kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji. Ukitumia gia ndogo, injini inalibeba joto hilo na kulitoa kupitia rejeta na eksozi. Ukitupa gia, linabaki kwenye madramu ya breki yenye ukubwa wa sufuria. Yakishapata joto kupita kiasi, vitambaa vya breki vinapoteza msuguano wake. Sheria ya yule mzee ni fizikia kamili.

Wacha niingize na kuovateki hapa, kwa kuwa wengi wanaona taabu ya Kitonga ni malori kwenda polepole, wanachomoka.

Unapolipita lori, mwendo unaokusaidia ni TOFAUTI ya mwendo wenu wawili. Basi la mita 12 linakwenda 80, lori lenye treila la mita 18 linakwenda 60. Kwa macho ya dereva wa lori, basi linampita kwa 20 tu, yaani mita 5.6 kwa sekunde. Weka nafasi ya mita 20 kabla na 20 baada, jumla mita 70 za kulimaliza. Gawanya: sekunde 12 na nusu. Hesabu mwenyewe moja mpaka kumi na mbili uone ni muda gani kukaa upande usio wako. Kwa macho ya barabara, basi limekula mita 280. Anayekuja mbele naye kwa 80 anakula mita 280 zake. Ninyi wawili mnakaribiana kwa 160. Ulihitaji kuona barabara tupu ya mita 560.

Mlimani basi linajivuta kwa 30, lori kwa 15. Watu wanasema, "Si linakwenda polepole, nalipita mara moja." Tofauti sasa ni 15, mita 4.2 kwa sekunde. Mita 70 zile zile zinachukua karibu sekunde 17. Umekaa upande usio wako muda mrefu zaidi kuliko tambarare. Anayeshuka kwa 40 ndani ya sekunde hizo anakuja mita 187, wewe umekwenda 140. Mita 327 zilizo wazi. Aliyepita zile kona za Kitonga aniambie ni wapi ataziona.

Abiria_wa_Tazara:

Mwalimu, hilo la "kwa macho ya fulani" limenikumbusha jambo. Nikiwa stesheni ya Mbeya, ndani ya behewa, treni ya mizigo iliyokuwa reli ya pili ikaanza kuondoka. Nikajiona sisi ndio tumeondoka! Nikashika kiti kabisa. Mpaka nilipotazama jukwaani upande wa pili nikaona bado tupo. Nilijiona mjinga, kumbe kila mtu ndani alishtuka.

Pili, ndani ya treni mtoto wangu alitupa chungwa juu likarudi mkononi mwake, wakati treni inakimbia. Akaniuliza kwa nini halikwenda nyuma. Nikanyamaza.

MwalimuKani:

Hukuwa mjinga hata kidogo. Macho yalikuambia ukweli wote waliokuwa nao: behewa lile na hili yanaachana. Nani kati yao anakwenda, macho peke yake hayawezi kusema mpaka yapate kitu cha tatu. Kwako kilikuwa jukwaa. Mwendo ni neno lisilokamilika, kama kusema "mrefu" bila kusema kuliko nani. Kila mara uliza: kwa kulinganisha na nini?

Chungwa la mwanao Galileo aliliandika mwaka 1632, kwa mfano wa chumba kilichofungwa ndani ya meli. Meli ikienda kwa utulivu, vipepeo huruka chumbani vilevile na matone ya maji hudondoka pale pale yalipokuwa yakidondoka meli ikiwa bandarini. Chungwa lilikuwa na mwendo wa treni tangu likiwa mkononi. Kulitupa juu hakukuondoa mwendo huo. Mtu aliyesimama kando ya reli angeliona likichora upinde kwenda mbele, mkono wa mtoto ukiendelea chini yake, vinakutana. Ndani mnaona limepanda na kushuka. Wote wawili wako sahihi.

Mwambie na hili: Mbeya ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na mzunguko wa dunia unatupeleka mashariki kwa takriban kilomita 1,650 kwa saa. Uliyelala Soweto au Mwanjelwa unakwenda hivyo. Juu yake dunia inalizunguka jua kwa kama kilomita 30 kila SEKUNDE. Chai haimwagiki. Mwendo wenyewe hauhisiwi. Kinachohisiwa ni kubadilika kwake. Mwendo wetu kwenye mzunguko unabadilika upande polepole mno, mchapuko wake ni kama sehemu 1 kati ya 300 ya mvutano wa dunia, kwa hiyo mwili hauujui.

Mkulima_Mbarali:

Naomba nami niulize, nimesoma zamani. Tuliambiwa ukisukuma kitu, nacho kinakusukuma kwa nguvu ile ile. Maksai wangu wanavuta plau, plau inawavuta nyuma sawasawa. Mbona wanasonga? Zilitakiwa zikatane.

MwalimuKani:

Swali hili linawasumbua hata wanaokwenda chuo. Zile kani mbili ni sawa kweli, lakini haziko juu ya kitu kimoja. Moja iko juu ya plau, nyingine iko juu ya maksai. Vya kukatana lazima viwe juu ya mwili mmoja.

Jitazamie maksai peke yao: plau inawavuta nyuma, lakini kwato zinaisukuma ardhi nyuma, na ardhi inawasukuma mbele. Msukumo wa ardhi ukizidi mvuto wa plau, wanaanza kusonga. Ukilingana, wanaendelea kwa mwendo mmoja. Wewe wa majaruba ya mpunga unajua: tope likiwa laini sana kwato zinateleza, ardhi haisukumi, na maksai wenye nguvu zao zote wanabaki pale pale.

Kidato3_Mafinga:

Shikamooni. Mwalimu, nilisoma uzi huu juzi nikafanya jaribio leo kwenye basi kutoka Mbeya kuja Mafinga. Nilifunga nati kwenye uzi wa sentimita 60, nikauning'iniza kwenye kichanja cha mizigo juu yangu. Konda aliniuliza, nikamwambia ni kazi ya shule, akaniacha.

Gari likiondoka stendi nati ilirudi nyuma. Kwenye breki ilikwenda mbele. Kwenye kona za Mlima Nyoka ilikwenda upande wa nje, nami nikaegemea huko huko. Mbele zaidi kwenye barabara iliyonyooka dereva alitulia kwenye 80, na nati ikatulia imenyooka kama nyumbani. Nilifumba macho nikajaribu kujua kama tunakwenda, mtikisiko tu ndio uliniambia.

Ila kuna kitu sikuelewa. Kuna mteremko mrefu kabla ya tambarare, dereva alishuka kwa mwendo mmoja, hakuongeza wala hakupunguza. Nilitegemea nati itulie kama kwenye 80. Ilitulia, lakini imeinama mbele kidogo kama sentimita 5 hivi ukilinganisha na nguzo ya kiti. Si breki, maana mwendo haukupungua. Kwa nini?

MwalimuKani:

Marahaba mwanangu. Nimesoma ujumbe wako mara tatu kwa furaha.

Nati haikuinama. Nguzo ya kiti ndiyo iliyoinama, pamoja na basi zima, kwa sababu basi lilikuwa limeelekeza pua chini. Mwendo haukubadilika, kwa hiyo uzi ulifanya kile unachofanya nyumbani: ulielekea chini kabisa, kama timazi ya fundi mwashi. Sentimita 5 kwa uzi wa sentimita 60 ni mteremko wa mita 8 hivi kwa kila 100. Umeupima mlima ukiwa umekaa kwenye kiti.

Sasa jiulize ingekuwaje kama dereva angetupa gia na kuliachia. Basi lingechapuka kufuata mteremko, nati nayo ingechapuka vilevile, na uzi usingehitaji kuivuta mbele wala nyuma kwa kulinganisha na basi. Ungekaa sambamba na nguzo ya kiti, kana kwamba mko tambarare, wakati dirishani unaona bonde. Hewa na matairi vingeusogeza mbele kidogo tu.

Dereva_wa_Shaba:

Ngoja, mwalimu. Kwa hiyo nikishuka salama na gia, uzi unaelekea mbele ya gari, na nikiliachia, uzi unalingana na nguzo?

MwalimuKani:

Ndiyo, mzee wangu. Na abiria anayeona uzi umelingana na nguzo katikati ya mteremko, hata kama basi limetulia na muziki unapiga vizuri, ana haki ya kwenda mbele kumwomba dereva arudishe gia, kabla gari halijakimbia kiasi cha gia kukataa kuingia.

Dereva_wa_Shaba:

Kesho napakia Tunduma. Nati ninazo, uzi namwambia utingo anunue.